Waya Uliokwepa Jando

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Mimi naishi humo na nina raha zangu. Ni mpiga makofi wa serikali, daraja la pili. Wenzetu wa daraja la kwanza hupiga kabla kiongozi hajamaliza sentensi. Sisi wa daraja la pili tunasubiri nukta. Kazi hii imenifikisha ikulu, wizarani, mahakamani, hata mazishini, na kote huko nimeona mema matupu. Nitakayoyasema hapa ni sifa. Mkisikia kingine, hayo ni masikio yenu.

Mambo yalianza Mtukufu Rais Kidevu Mwinyigogo aliporudi kutoka ziara ya nchi jirani akiwa amenuna. Huko alikokwenda, mwenyeji wake alichomeka simu ukutani chai ilipokuwa ikimiminwa, na chai ilipokwisha simu ilikuwa imejaa. Rais wetu akaitazama ya kwake, iliyokuwa imechomekwa tangu alipotua, akaikuta na asilimia kumi na tisa. Inasemekana hata keki hakula.

"Haiwezekani," alituambia kabla hajamaliza kushuka ngazi za ndege, "taifa lililopata uhuru kabla ya lile, lichaji nyuma ya lile."

Tukasubiri nukta, tukapiga.

Papo hapo ukatangazwa Mwaka wa Kuchaji Haraka. Vichwa vya chaja vikaagizwa ng'ambo, vikagawiwa kwa kufuata vyeo, maana nchi yetu haijui kugawa kwa njia nyingine. Raia wa kawaida alipata kichwa cha wati tano. Karani wati kumi. Mkuu wa wilaya thelathini na tatu. Waziri mia na ishirini. Cha Rais mwenyewe kilikuwa cha wati mia mbili na arobaini, kikubwa kama tofali la kuchoma, na askari wawili walikibeba kwa mwendo wa pole huku watu wakivua kofia. Waya hakuna aliyeufikiria. Waya hulala sakafuni, na kwetu kitu kinacholala sakafuni hakina cheo.

Siku ya uzinduzi Rais akachomeka tofali lake mbele ya umati, akaliunganisha na simu kwa waya ule ule mwembamba aliokuwa nao tangu kampeni ya kwanza, akasubiri. Chai ikamiminwa, ikanywewa, ikamiminwa tena. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, ikaurudia na beti ambazo hatujawahi kuzisikia. Simu ikapanda asilimia mbili.

Akaitwa mtaalamu, mtu aliyesoma mpaka akapata kibyongo. Akaugeuza waya mkononi, akatikisa kichwa.

"Mtukufu, hivi ni vitu vitatu: kichwa, waya na simu. Vyote vitatu lazima viwe na uwezo, na vielewane. Kichwa kikiwa na nguvu na waya ukiwa mnyonge, mtakwenda mwendo wa waya. Halafu kuchaji haraka kunaanza na mazungumzo. Ndani ya waya mzuri mna nyaya nene za kupitisha nguvu, na nyingine nyembamba ambazo kichwa na simu huzitumia kusemezana. Visiposemezana, kichwa hakithubutu kutoa nguvu zake. Kinadondosha kidogo tu, kwa usalama."

"Vinasemezana nini?" Aliyeuliza alikuwa Mheshimiwa Sefania Lugongo, Waziri wa Umeme na Unyenyekevu.

"Kichwa kinataja uwezo wake wote, Mheshimiwa. Kinasema nina hiki, na hiki, na hiki. Simu inachagua, inasema nipe hiki. Basi kinaipa."

"Na anayeanza kusema ni nani?"

"Kichwa."

"Ambacho ndicho kikubwa."

"Ndicho chenye nguvu, ndiyo."

Waziri akatugeukia sisi wananchi, uso umempauka. "Kwa hiyo mkubwa ndiye anayetangulia kumsemesha mdogo. Anamfungulia ghala, anamtajia mali zake moja moja mbele za watu, halafu anamuuliza mdogo anataka nini."

"Kwa namna fulani, ndiyo, Mheshimiwa," alisema mtaalamu, na hapo ndipo alipojimaliza.

Nawaombeni mwelewe tulivyoshtuka. Sisi ni watu wa adabu. Shikamoo inapanda, marahaba inashuka, na tangu dunia iumbwe haijasikika zikibadilishana njia. Hilo la mkubwa kutaja mali zake ndiyo usiseme. Mawaziri waliokuwa jukwaani walijishika mifuko kana kwamba mwizi amepita. Mtaalamu alipandishwa cheo siku ile ile, akawa balozi wetu katika nchi ambayo bado haijagunduliwa. Mpaka leo anaitafuta.

* * *

Sheria ya Adabu ya Chaja ilipitishwa kwa kauli moja, na ilikuwa fupi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo: *Mkubwa hatatangulia kusema. Mdogo hataomba.* Rais aliipenda mno hata akaagiza iwahusu watumishi wa umma pia, kuanzia waziri hadi mfagizi, isije ikaonekana vyuma vina adabu kuliko watu. Toka hapo, ofisi za serikali zikatulia. Karani mwenye shida husimama mbele ya bosi wake akitazama dari, bosi naye hutazama karani akitazama dari, na saa tisa na nusu wote wanakwenda nyumbani. Makosa kazini yalipungua sana. Kazi nazo.

Kwa upande wa nyaya, ilibidi zifundwe. Kila kata ikajenga kibanda cha makuti, ngariba wa serikali akaketi ndani na koleo, ngoma zikarindima nje, na nyaya za wananchi zikaingizwa jandoni. Huko ndani zilikatwa zile nyaya nyembamba za maongezi, zikabakizwa zile nene, kisha kila waya ukafungwa uzi mwekundu kuonyesha kwamba sasa umefundwa na hautamjibu mkubwa. Sisi wazazi wa nyaya tulichangia mchele. Shangazi yangu alilia waya wake ulipotoka, akasema umekonda.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Baada ya jando, simu zote nchini zikawa zinachaji kama zinachota maji kwa kijiko cha chai. Mwaka wa Kuchaji Haraka ulikuwa haujafika hata katikati. Waziri Lugongo hakutikisika. Alitangaza kwamba kuanzia sasa haraka itapimwa pale mtu anapochomeka, kwa kuwa hapo ndipo juhudi ya mwananchi inapoonekana. Yanayofuata baada ya hapo ni mambo ya umeme na Mungu. Yakaandaliwa mashindano ya taifa ya kuchomeka. Bingwa, dereva wa trekta kutoka kaskazini, aliurusha kichwa kutoka mlangoni kikaingia kwenye soketi chenyewe, akapewa medali na mbuzi.

Kisha ikaja amri kwamba raia akiulizwa ana chaji kiasi gani, atajibu mia. Redio ya taifa ikawa inafungua matangazo kwa kusema nchi imeamka na mia. Watu wakipishana njiani, mmoja anasema mia, mwingine anaitikia mia. Mimi nilikuwa nikijibu mia kwa moyo mkunjufu, simu yangu nikiwa naitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

* * *

Sasa nije kwa Bi. Tunu Sengondo, maana bila yeye ningesifu mpaka jioni.

Bi. Tunu ni muuza vitumbua wa Bondeni kwa Mkole, kitongoji kilichokaa chini kabisa ya Bwawa la Uvumilivu. Mvua ikizidi, milango ya bwawa haina budi kufunguliwa, na ikifunguliwa maji hupita Bondeni kama mwenye nyumba. Wenyewe walikuwa na utaratibu wao ambao haujawahi kuwaangusha. Mlinzi wa milango, kijana aitwaye Mbaruku, ambaye kule juu umeme haumkatikii na simu huchaji usiku na mchana, humpigia simu Bi. Tunu kabla ya kugusa kitu. Bi. Tunu hutoka na debe tupu na mwiko, akalipiga akizunguka kitongoji kizima, na watu wakabeba watoto na mbuzi wakapanda mlimani. Mbaruku akiona wamefika juu, ndipo anafungua. Namba ya Bi. Tunu ndiyo pekee iliyobandikwa ukutani kule bwawani, kwa sababu ndiye pekee aliyekubali kupigiwa saa yoyote bila kutukana.

Sasa Bondeni umeme huja kwa mgao, kidogo tu kila jioni, wakati wakubwa wa mjini wako njiani na hawajawasha viyoyozi. Zamani kidogo hicho kilimtosha. Alikuwa na kichwa kizuri alicholetewa na mwanawe, na waya uliolingana nacho, na simu ilijaa karai la vitumbua likiwa bado motoni. Baada ya waya kutoka jandoni, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka simu ikiwa imeonja tu. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Akawaza simu ikizimika siku Mbaruku anapiga itakuwaje, akajijibu mwenyewe, akafunga duka, akapanda basi kuja wizarani.

Siku hiyo nilikuwa zamu mapokezi, kazi yangu kumpigia makofi kila mwananchi aliyehudumiwa. Nilikuwa sijapiga tangu Jumatatu ya wiki mbili nyuma.

"Simu yako ina chaji kiasi gani, mama?" karani wa mapokezi alimuuliza.

"Kumi na moja."

Karani akatazama huku na huku. "Mama, jibu ni mia."

"Nimesikia, mwanangu. Jibu ni mia, ila simu ina kumi na moja."

"Sasa kama jibu ni mia, shida yako ni nini?"

"Shida yangu ni kwamba bwawa halisikilizi redio."

Mlango wa ndani ukafunguka. Waziri Lugongo alikuwa amesikia kumi na moja ikitajwa katika jengo la serikali mchana kweupe, akatoka mwenyewe. Bi. Tunu si mtumishi wa umma, hivyo sheria ilimruhusu Waziri kumsemesha, na Waziri alikuwa na njaa ya kusema. Wizara nzima ilikuwa haijazungumza kwa miezi kadhaa. Akamwingiza ofisini, nami nikafuata na viganja vyangu.

"Mama yangu," alianza, akiwa amesimama kando ya bendera, "kuna mataifa yanayokimbilia chaji, na kuna mataifa yanayokimbilia heshima. Wao watajaa upesi, lakini watakuwa wamejaa nini? Sisi tutajaa polepole, na tutakapojaa, tutakuwa tumejaa adabu."

Nukta. Nikapiga.

Bi. Tunu hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama mezani, ambako simu ya Waziri ilikuwa imechomekwa, na katika muda wa hotuba ile fupi namba kwenye kioo ilikuwa imepanda kutoka arobaini hadi arobaini na tisa. Waya wake haukuwa na uzi mwekundu. Mimi nilielewa mara moja kwamba waya wa Mheshimiwa umezaliwa na adabu zake, ndiyo maana haukusumbuliwa kupelekwa jando.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Tunu, "mimi sitaki kuwashinda majirani. Nataka simu ijae kabla umeme haujakatika, basi. Watu wa Bondeni, wakubwa kwa watoto, wameniwekea roho zao kwenye hiyo betri."

Waziri akaguswa. Akafungua kabati, akamkabidhi kichwa cha wati mia moja kilichofungwa utepe wa dhahabu.

Bi. Tunu akakipima mkononi. "Nashukuru, Mheshimiwa. Kichwa mmenipa kikubwa. Shingo ndiyo mliyoikata."

"Shingo itazoea."

"Na huo wako, mbona hauna uzi?"

"Huu ni wa kazi za serikali."

"Na sisi kufa maji, hiyo ni kazi ya nani?"

Waziri akaitazama saa yake na kuashiria picha ya kumbukumbu ipigwe. Tukapangwa kando ya bendera. Kilichotokea baada ya hapo sikukiona, kwa sababu mpiga picha alituamuru wote tutazame mbele. Najua tu kwamba Bi. Tunu aliaga kwa heshima zote, na kwamba waya uliobaki mezani ulikuwa na uzi mwekundu.

* * *

Waziri aligundua jioni, simu yake ilipogoma kupanda. Hapo pakawa na kazi. Kumshtaki Bi. Tunu kwa wizi kungemlazimu Waziri kueleza waya usiokwenda jando ulifuata nini mezani kwake. Wanasheria wa serikali wakakuna vichwa mpaka wakapata kosa lisilo na mwenye mali. Bi. Tunu akakamatwa stendi, kwa muuza kahawa, alikokuwa amechomeka simu akisubiri basi la kurudi kwao. Hakuwahi hata kupulizia kikombe, simu imeshapanda robo nzima, na aliyeketi kando yake alikuwa mtu wa usalama. Akashtakiwa kwa kuchaji haraka bila kibali, katika Mwaka wa Kuchaji Haraka.

Asubuhi ya kesi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado ilikuwa haijachoka. Nilipelekwa kupigia makofi hukumu. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Leokadia Mbonde, mama mwenye miwani mizito na kikohozi kikavu. Kesi hii alipewa kwa sababu hajawahi kumwachia mtu. Waziri Lugongo aliketi benchi la mbele kama shahidi wa serikali.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema mwendesha mashtaka, "maneno hayatoshi. Upande wa mashtaka utaonyesha kosa lenyewe likitendeka."

Akachomeka kile kichwa cha utepe wa dhahabu kwenye soketi iliyo chini ya meza ya Hakimu, akaunganisha waya, akaunganisha simu iliyokuwa imezimika mahabusu. Vile vitu vitatu vikasalimiana kwa namna yao. Simu ikawaka, namba ikaanza kupanda mbele ya macho yetu: tatu, tano, nane. Mahakama nzima ikainuka kwenye viti. Karani wa mahakama, mtu mzima na wajukuu zake, alijifuta machozi. Hakuwa ameona namba ikipanda tangu mwaka uanze.

"Kosa hilo, Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka.

Kosa likafika kumi na tano, na simu ikaita. Kwenye kioo palisomeka *Mbaruku bwawani*.

Bi. Tunu akashika kizimba kwa mikono miwili. "Mheshimiwa Hakimu, hiyo simu ni ya roho za watu. Naomba niipokee."

"Kielelezo hakipokei simu," alisema mwendesha mashtaka.

Hakimu akafunua vitabu vyake kimoja baada ya kingine. Simu ikaita mpaka ikakata. Ikaanza tena.

"Sheria haisemi kwamba hakipokei," Hakimu alisema.

"Haisemi pia kwamba kinapokea, Mheshimiwa."

Hakimu akakohoa, akatazama dirishani palipokuwa panamwagika maji, akavua miwani. "Mama, pokea. Weka sauti ya nje, mahakama isikie."

Sauti ya Mbaruku ikatoka na mvua yake. "Bi Tunu, maji yamefika kwenye alama. Nisipofungua, ukuta unaondoka na Bondeni yote na mimi mwenyewe. Toa watu."

"Mbaruku, mimi siko nyumbani. Niko mahakamani."

"Mahakamani unafanya nini?"

"Nachaji. Ngoja nikupigie."

Akampigia jirani yake. Haipatikani. Akampigia mkwewe, imamu, mwenye duka, mwalimu mkuu, na yule mama mmoja aliyegombana naye tangu Ramadhani ya nyuma. Wote hawapatikani, sauti ya yule dada wa mtandao ikawa inajibu kwa upole ule ule kila mara. Kitongoji kizima kilikuwa na mia, na hapakuwa na simu hata moja iliyowaka.

Akampigia Mbaruku. "Mwanangu, shuka mwenyewe. Debe liko nyuma ya mlango wa jikoni."

"Bi Tunu, nikiacha milango bila ruhusa ya mkubwa wangu nafungwa. Na mkubwa wangu ni Waziri."

Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa Waziri alipo. Bi. Tunu akainua simu, akaivuta mpaka waya ukakaza, na Mheshimiwa Sefania Lugongo akasimama, akaja, akaipokea kwa mikono yake. Hilo nalisema kwa haki yake: alikuja.

"Mbaruku," alisema Bi. Tunu, "Waziri huyu hapa."

Kisha kimya.

Mbaruku ni mtumishi wa umma, mdogo kuliko wote, na mdogo haombi. Waziri ni mkubwa, na mkubwa hatangulii kusema. Tulisikia mvua ya bwawani. Tulisikia kijana akihema. Waziri naye alihema. Lilikuwa limebaki neno moja tu, nenda, ambalo hata mtoto anaweza kulisema, na midomo ya Waziri ilifunguka na kufunga kama ya samaki aliyetupwa ufukoni. Aliangalia picha ya Rais ukutani. Aliangalia simu. Wakakaa hivyo, kila mmoja na adabu zake, maji yakipanda.

Mimi ni mtu wa sifa, mnanijua. Lakini pale niliichukia sheria ile, nikamchukia Waziri, nikajichukia na viganja vyangu.

Bi. Tunu akainyakua simu. "Mbaruku. Nenda."

"Waziri ametoa ruhusa?"

"Nimetoa mimi."

"Haya," akasema.

Tukasikia anakimbia. Aliweka simu mfukoni bila kuikata, na mahakama nzima ikateremka naye mlima: nyayo zikiteleza kwenye tope, nguo zikichanika kwenye miiba, bismillahi kila hatua. Mwendesha mashtaka akaikumbuka kazi yake, akanyoosha mkono chini ya meza auchomoe ule waya wa kosa. Hakimu alikuwa ameshaweka mguu wake mbele ya soketi.

"Kielelezo kisiguswe," alisema.

Mlango ukagongwa, kitu kikaanguka, halafu likaanza debe. Alilipiga vibaya, bila mpangilio, kama mtu anayefukuza nyani shambani, na tukamsikia bibi mmoja akiuliza kwa hasira ni mlevi gani huyo. "Anzia kwa mama Zuhura," Bi. Tunu alimwelekeza kwa sauti kubwa, "ana kichanga cha wiki moja. Halafu yule mzee asiyesikia, mshike mkono, usimpigie kelele." Debe likazunguka. Sauti zikaongezeka: watoto, mbuzi, mtu anagombana na mkewe kuhusu godoro. Zikaanza kupanda mlima, zikihema. Karani wa mahakama alikuwa amekaa sakafuni karibu na meza apate kusikia vizuri.

"Wamefika juu," alisema Mbaruku baadaye, sauti imemkauka. "Wote. Mzee nimembeba."

"Mama Zuhura?"

"Yuko hapa mbele yangu, ananyonyesha."

"Basi kafungue."

Tukasubiri apande tena mpaka bwawani. Halafu ukaja mngurumo uliotikisa kile kisimu mezani, ukadumu.

"Yamepita nyumbani kwako, Bi Tunu," alisema Mbaruku. "Yameondoka na jiko na banda la kuku."

"Yapite," alisema Bi. Tunu, akaketi kizimbani, akalia.

* * *

Ikabaki hukumu. Kosa lilikuwa limethibitika mbele ya macho ya kila mtu. Simu ilikuwa na tisini na nne. Akipatikana na hatia, sheria inataka waya upelekwe jando siku ile ile. Akionekana hana hatia, vielelezo vyote vinarudi serikalini. Kwa njia yoyote, Bondeni wangeingia kwenye mvua zilizobaki bila simu ya kupokea. Hakimu alikaa na jambo hilo muda mrefu, akikohoa.

"Kesi inaahirishwa mpaka mvua ziishe," alisema mwisho. "Mshitakiwa arudi kwake kwa dhamana. Vielelezo avitunze yeye. Na kwa kuwa kosa lenyewe ni chaji, simu itunzwe ikiwa imejaa, ili ushahidi usipotee. Ikikutwa imepungua, nitamfunga."

Mwendesha mashtaka alikuwa na la kusema, lakini lilikuwa ombi, na yeye ni mdogo.

Mbaruku hakuadhibiwa. Wizara ilichunguza, ikathibitisha kwamba hakuna mkubwa yeyote aliyempa ruhusa ya kuondoka, na kwa hiyo hakuondoka. Waziri Lugongo bado ni Waziri. Nimesikia anachaji usiku kucha na asubuhi anakuta thelathini.

Kuhusu mvua, Idara ya Hali ya Hewa haiwezi kutangaza kwamba zimeisha mpaka iombe idhini ya mkubwa, na mdogo haombi. Kwa hiyo zinaendelea. Juzi nilipita Bondeni, jua linapasua midomo, vumbi limefika magotini, mbuzi wanalamba mawe. Bi. Tunu amejenga upya, juu kidogo ya pale pa zamani. Nilimkuta anakaanga vitumbua, simu imechomekwa kando ya karai, imejaa.

Nikamuuliza kama haogopi, siku moja wakikumbuka kumwita akasomewe hukumu.

"Kufungwa siogopi sana," alisema, akigeuza kitumbua. "Naogopa wasije wakaniachia."